Kidude Kisichosikia

Msimu ule nilipata kazi katika kiwanda cha korosho, nje kidogo ya Chikongola. Nilikaa mbele ya kompyuta nikitazama mistari ya vipimo ikipanda na kushuka. Kila mashine ya kubangua ilikuwa imebandikwa kidude chenye taa ya kijani, kinachopima joto na mtetemo, na programu ikitabiri ipi itaharibika. Bosi alijivunia kwamba ilitungwa kwa ajili ya viwanda vya chipu za kompyuta, ambako mashine haitakiwi kusimama hata kidogo.

Mama yangu mdogo aliendesha mojawapo. Taa ile hakuipenda.

"Inatusikiliza," aliniambia.

"Inapima tu, mama."

"Nani kakwambia? Si hao hao walioileta?"

Wenzake wakacheka. "Mwache mpelelezi wetu ale mshahara!"

Siku chache baadaye joto la mashine yake likaanza kupanda kwenye skrini. Fundi aliifungua, akakuta beringi nzima na grisi ya kutosha. Akafunga. Joto likapanda tena. Bosi akaamuru izimwe jioni ile mpaka vipuri vije, na wanaoiendesha warudi nyumbani. Kwa mama mdogo, nyumbani ni Nanyamba, na msimu ungeisha yeye akiwa huko anapalilia mihogo.

Nikashuka kujionea. Ndani ya harufu kali ya maganda, kidude kilikuwa kimeviringishwa kitenge, kimekazwa kama mtoto mgongoni. Kila wakinywa chai hapo kando walikifunga, wapate kusengenya kwa Kimakonde bila wasiwasi, wakawasha mashine kikiwa bado kimefungwa; fundi alipokuja walikifungua haraka.

"Mama, joto ni la kitenge. Kifungue, la sivyo leo unaondoka."

Alinikazia macho kama anayeuziwa samaki wa jana. Kisha akafungua fundo.

Mstari ukashuka. Nilimweleza bosi kwamba ni kitambaa tu. Akainama, akapitisha kidole kwenye skrini.

"Basi isizimwe," akasema. "Lakini tazama hapa, mtetemo hakuna: mashine ilisimama. Jana walichelewa kurudi kazini baada ya chai."

Nikampelekea mama mdogo habari zote mbili. Ya kwanza ilimfanya ashushe pumzi. Ya pili ilimfanya aache kukunja kitenge.

"Kumbe hakisikii," akasema polepole, "ila kinajua chai yangu niliimaliza saa ngapi."

Nilipopanda ofisini, kabla ya kukaa, nilipapasa chini ya meza yangu nikitafuta kidude.