Mikono ya Mwalimu wa Michezo

Mwalimu wetu wa michezo alitoka Mbeya, hana ndugu hapa Sumbawanga, na alikuwa anakufa mikono. Sitanii, ingawa mimi kutania ndiyo kazi yangu shuleni. Hospitali walimwambia misuli itakauka kidogo kidogo, na dawa hakuna. Akatukusanya uwanjani akasema, "Mikono imeanza, miguu itafuata. Haya, kimbieni."

Filimbi ilipomshinda kushika, akanipa mimi, kipa wa akiba nisiye na kazi.

"Mimi napuliza, mshahara unachukua wewe, Mwalimu?"

"Ukipuliza vibaya nakukata mshahara."

Tulicheka wawili tu. Wenzangu walinong'ona kwamba amerogwa, wakawa wanampitia mbali. Jioni upepo wa baridi ukivuma, mstarini tulibaki yeye na mimi kama nguzo za goli lililohamishwa.

Mkuu wa shule akamwambia aende nasi Mpui kwenye mechi ya kirafiki. Akiiweza safari, atabaki na timu. Asipoiweza, arudi kwao akapumzike.

Kwenye lori alisimama, kaegemea bodi, wala hakulalamika. Tulipofika kijijini, wazee wa Mpui walikuja kumpokea. Wakachuchumaa, wakapiga makofi taratibu, vile Wafipa tunavyosalimia. Mgeni naye hupiga makofi kuitikia. Mwalimu alijua, ndiye aliyetugombeza tukiitikia kivivu. Ila mikono ilining'inia tu.

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza, "Kwani tumemkosea nini mgeni?"

Mkuu alikuwa pembeni, kakodoa macho. Nikachuchumaa haraka nimpigie mimi yale makofi, mambo yapite.

"Acha," Mwalimu akaniambia. Kisha akageukia wazee. "Shikamooni, wazee wangu. Sina dharau. Mikono yangu imekufa, haipigi tena."

"Marahaba. Basi pokea tu, mwanangu," mzee akasema, na wote wakampigia makofi upya.

Tulishinda mabao mawili. Lakini wakati wa kurudi, mkuu alimwambia kwa upole, sote tukisikia, "Mwalimu, umesema mwenyewe mbele ya watu. Mwisho wa mwezi uende nyumbani."

"Nimesikia, mkuu. Mpaka hapo bado nina timu."

Timu gani? Kesho yake mkuu aliwapeleka wote shamba la shule kupalilia maharage. Mimi nilitoroka. Nilimkuta Mwalimu amesimama mstarini, koti limefungwa vifungo vibaya.

"Wenzako wako wapi?"

"Maharage, Mwalimu."

"Haya, kimbia."

"Peke yangu?"

"Kwani uwanja hautoshi?"

Nikakimbia. Kwenye kona ya mbali sauti yake haikunifikia, upepo uliichukua. Nikageuka. Alikuwa anatikisa kichwa juu chini, juu chini: inua magoti, mvivu wewe. Nikainua.