Rimu za Mwenyekiti Ireri

Ireri Ndambiri wa Kiritiri alipenda vitu vinavyong'aa. Alikuwa na mashine ya kusaga unga pale sokoni, na mwenye mashine ya kusaga hushinda mweupe kuanzia utosini hadi kwenye kucha. Yeye lakini hangeonekana njiani jioni kabla ya kujipangusa unga, kubadilisha shati na kupiga viatu rangi. Watu walimtania kwamba hata kuku wake huogeshwa Jumamosi. Alicheka nao, ila kicheko chenyewe kiliishia mdomoni.

Jambo hilo lilianza zamani. Miaka michache baada ya uhuru, alipelekwa shule ya misheni huko juu Embu, penye udongo mwekundu na mvua isiyokosa. Alifika kwa miguu kutoka kwao Mbeere, kule chini kwenye ukame, nyayo zimepasuka, vumbi limempanda hadi magotini. Watoto walimcheka akiwa kwenye mstari, na mwalimu badala ya kuwakemea akacheka pia. Mtoto yule aliapa moyoni kwamba hatachekwa tena maishani mwake. Wengi tuliapa mambo utotoni tukayasahau, lakini Ireri hakusahau. Alimwoa Marcella, akapata watoto, akanunua mashine, akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kanisa, na kila hatua aliipima kwa swali moja: watu watasema nini?

Sasa, kanisa lao lilikuwa na muuguzi wake, Wambeti, binti ya Njura mfuga nyuki. Kazi yake ilikuwa kuwazungukia wagonjwa majumbani, wazee wa presha na sukari, akina mama waliojifungua, mpaka kule chini ambako hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Kwa miguu aliwafikia wachache. Waumini wakachanga, mwenye mbuzi akatoa mbuzi, mwenye asali akatoa asali, ikapatikana pikipiki. Si hizi za kubeba abiria sokoni. Ni zile ndefu, zilizoundwa kwa ajili ya njia mbaya. Ireri akatumwa Embu kuileta.

Kabla hajaondoka, Wambeti alimfuata kwenye mashine.

"Mwenyekiti, niko na ombi moja tu. Hiyo pikipiki huja aina mbili. Iko ya rimu za aloi, zile humwagwa kwa kalibu kama sufuria, na iko ya spoki, zile waya kama za baiskeli. Nitafutie ya spoki. Hii barabara yetu iko na mawe mingi. Rimu ya spoki ikigongwa inakubali kidogo, na ikipinda Runji wa baiskeli atainyoosha hapa hapa. Ya aloi ikipasuka, imepasuka."

"Nimesikia, mama," akasema Ireri.

Na alikuwa amesikia kweli. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakuwa na hata kisingizio cha masikio.

Dukani alizikuta zote mbili, zimesimama bega kwa bega. Ile ya spoki ilimkumbusha baiskeli za mkaa, zile zinazosukumwa na wanaume waliojaa masizi kupanda Embu. Ile ya aloi ilikuwa na rimu nyeusi zenye ukingo mwekundu, na mwanga wa mlangoni ulikuwa ukizichezea.

"Mzee wangu, nyinyi watu wa Mbeere shida yenu si ni miiba?" muuzaji akamwambia. "Hii haina tyubu. Ukidungwa unaziba hapo kando ya barabara, hata gurudumu hutoi. Hiyo ingine utashinda kwa jua ukipigana na tyubu."

Tusimwonee muuzaji. Alisema kweli, na miiba ya Mbeere tunaijua sisi tuliochomwa nayo. Mtu mwenye akili zake angeweza kusimama pale akapima miiba na mawe, akachagua aloi bila dhambi yoyote. Lakini Ireri hakuwa anapima miiba. Alikuwa akiiona Jumapili ya kuiombea pikipiki, utepe, vigelegele, kofia za akina mama. Alilikumbuka pia kanisa la ng'ambo ya barabara, ambalo mwaka uliopita lilimnunulia mchungaji wake pikipiki ya spoki, na Ireri mwenyewe ndiye aliyeibandika jina la baiskeli yenye injini. Kizuri chajiuza. Akaichukua ile inayong'aa.

Jumapili hiyo ilikuwa kama alivyoiota. Wambeti alipoitwa mbele, macho yake yalienda kwenye magurudumu kabla ya kitu kingine chochote.

"Za spoki zilikosekana?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Zilikuwa zimekwisha," akasema Ireri. "Nimetafuta Embu nzima."

Hakuna aliyemwomba hiyo Embu nzima. Aliiongeza mwenyewe. Wambeti akamshukuru, akafungua utepe.

Miezi ikapita bila neno. Wambeti alikuwa akipunga mkono kila apitapo kwenye mashine, na siku moja alisimama kumwambia kwamba kwa upande wa miiba hizo rimu zimemfaa sana. Ireri alifurahi kupita kiasi. Alianza kuamini kwamba alizinunua kwa sababu ya miiba. Uongo ukilishwa vizuri hunenepa hata mwenyewe asiutambue.

Kisha mvua za Novemba zikanyesha. Maji yalikuwa yameukomba mchanga wa korongo moja na kuacha mawe wazi, na Wambeti aliteremka polepole kama kawaida yake, dawa za watu ziko kwenye boksi nyuma. Gurudumu la mbele liligonga jiwe. Rimu ikapasuka, ikamegeka kipande kama kiganja, upepo wote ukatoka kwa mara moja, na pikipiki ikamwangusha juu ya mkono. Mkono ukavunjika. Runji wa baiskeli aliitwa kuitazama ile rimu, akaizungusha, akasema hii yeye haiwezi, hii ni ya kutupa.

Kwenye kamati, Gitari mweka hazina alikuwa na maneno tayari.

"Si nilisema mimi? Pikipiki kubwa hivyo na mwanamke, wapi na wapi? Lazima alikuwa anakimbiza. Iuzwe."

Ireri alikohoa. Kamati nzima ikamgeukia mwenyekiti wake, naye akasema waumini ndio waamue Jumapili. Nyumbani Marcella alimwuliza, "Baba Wanja, mbona chakula umekiangalia tu?" Akasema ni tumbo.

Jumapili, baada ya ibada, Wambeti alisimama mbele ya watu, mkono umefungwa plasta.

"Naomba msamaha," akasema. "Pengine nilikimbiza kidogo, mimi hata sijui. Lakini msiuze. Wagonjwa wananingoja. Na hizo rimu msimlaumu mwenyekiti. Alinitafutia za spoki Embu nzima akakosa."

Watu walimgeukia Ireri wakimtazama kwa heshima, na mama mmoja kando yake akatikisa kichwa kwa kumhurumia. Ireri alihisi uso ukiwaka moto. Kuchekwa alikujua tangu utotoni. Kuheshimiwa kwa uongo, na msichana uliyemvunja mkono akikutetea, hilo hakuwahi kulionja, na lilikuwa chungu kuliko lile la kwanza. Aliona aibu hadi mikono yake yenyewe ikamchukiza.

"Wanaotaka iuzwe, inueni mikono," Gitari akasema.

Mikono ilianza kuinuka, mingi ya wanaume. Ireri akasimama.

"Shusheni mikono," akasema. "Za spoki zilikuwako. Zilikuwa mbili pale, moja ya spoki na moja ya aloi, nikachagua. Wambeti alikuwa ameniambia na nikasikia. Nilimdanganya. Nimewadanganya nyinyi wote. Hakukimbiza, na nyinyi mnajua huyu hakimbizi."

Gitari alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, na alipouliza aliuliza taratibu, akimfungulia mlango.

"Lakini, Mwenyekiti, lazima ulikuwa na sababu. Mtu hawezi kufanya hivyo bure."

Miiba ilikuwa tayari ulimini mwake. Angesema miiba, kila mtu angeitikia, na Wambeti mwenyewe angekuwa shahidi. Angeketi akiwa mzee aliyekosea kwa nia njema. Alimtazama Wambeti na ile plasta, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe, alivyovipiga rangi asubuhi hiyo.

"Ilikuwa inang'aa," akasema. "Hakuna kingine. Ilikuwa inang'aa."

Kasisi alisema pikipiki haiuzwi, yatafutwe magurudumu ya spoki, na Wambeti aendelee na kazi mkono ukipona. Watu wakaitikia. Ireri alikuwa bado amesimama, akingoja kicheko alichokikimbia tangu akiwa mtoto wa nyayo zilizopasuka. Hakuna aliyecheka. Walitazama chini, kila mmoja, kama watu waliomkuta mzazi wao uchi, naye akatamani mtu mmoja tu acheke, ili apate kuketi.