Sanduku tupu ya climatiseur

Mu jengo ya Serikali kwenye papa yangu alikuwa chef de bureau, mukubwa wa ofisi, climatiseur, zile mashini za baridi, zilikuwa zinakula courant mingi ya umeme, sisi ku mitaa ya cité tunabakia mu giza. Bon, bamecanicien wakazitoa zote. Wakaweka mashini moja mupya ya salle kubwa ya mikutano; mu babureau, ventilateur tu za kupepea.

Papa akawalilia: "Tafazali, muniachie hata sanduku yake ku ukuta. Chef bila climatiseur, nani atamuheshimu?"

Wakamuachia sanduku tupu.

Siku moja nilimupelekea sahani ya pondu, mboga ya majani ya muhogo. Mbele yake tonton mumoja mwenye biashara alikuwa anapanguza jasho.

"Papa chef, leo hauwashe mashini?"

"Iko inatembea," papa akasema. Koti yake ya abacost ilikuwa imelowana mugongo muzima. Mi nikawaza: si useme tu kweli!

Tonton akatazama sanduku. Mu matundu yake tuliona inje, mama mumoja anauzisha ndizi za makemba. Alors tonton akafunga bouton ya koti yake mupaka ku shingo.

"Eh, kweli, baridi inaanza kuniingia."

Papa akafurahi sana. Mi, haya ilinikamata, nikaacha sahani ku meza nikatoka bila kuaga.