Viatu Vilivyosailiwa Mara Nyingi

Mama mkwe alipiga simu kabla Santing hajamaliza kahawa yake.

"Umepata meli?"

"Bado, Mama. Lakini kuna dalili."

"Dalili! Nguruwe wangu hawali dalili. Cheti chako cha afya kinakwisha Ijumaa hii, si ndiyo? Basi Jumamosi panda boti uje Capiz. Zizi linakungoja, na koleo nimeshakununulia."

Crisanto Dumagpi, ambaye wote walimwita Santing, alikuwa mpishi wa meli, na nguruwe aliwapenda wakiwa ndani ya sufuria tu. Bila cheti hicho hakuna wakala anayekusaili, na kikiisha hakuwa na pesa za kupimwa upya. Ndiyo kusema ilibaki wiki moja, kisha koleo.

Tangu meli yake ya mwisho iuzwe chuma chakavu, kila asubuhi alikwenda kwenye ule ukingo wa barabara ya Kalaw, hapo Manila, ambapo mabaharia wasio na kazi hukusanyika na mawakala huja na meza zao na matangazo yao. Santing alikuwa na kiti chake karibu na muuza mayai. Alijua wakala gani anatafuta fundi mitambo, yupi anapenda watu wa Visaya, yupi mwongo. Na hakuficha. Ukimwuliza anakwambia, usipomwuliza anakufuata kukwambia.

Halafu kulikuwa na vile viatu. Viatu vyeusi vya ngozi alivyonunua Rotterdam enzi zake, vikubwa kama mitumbwi, kwa sababu Santing miguu alijaliwa. Bizimu la kushoto lilipong'oka alishonea mahali pake kifungo cha shaba. Sasa, vijana wanatoka mikoani na kandambili, na hakuna wakala anayekupandisha ngazi za ofisi yake ukiwa na kandambili. Santing alikuwa anavua vyake, wao wanajaza gazeti mbele ili visiwapwaye, wanapanda. Yeye anabaki hapo chini kwenye kiti, miguu peku, akila yai.

Na jamani, walikuwa wanapata! Wanashuka wanacheka meno yote nje. Ikawa inasemwa kwamba viatu vya Kaka Santing vina nyota. Lakini akivaa mwenyewe, wapi! Anaambiwa tutakupigia, na simu inayolia ni ya Capiz. Mwezi uliopita alimwazima hata mpishi mwenzake, Doming, naye akaenda kuchukua kazi ile ile ambayo Santing alikuwa anaisubiri.

"Wewe ni mpumbavu au ni padri?" muuza mayai alimwuliza siku ile.

"Alikuwa na usaili, Dada. Ningefanyaje, nimwache aende na kandambili?"

"Ndiyo!"

Alhamisi, siku moja kabla cheti hakijaisha, alikuja Bembol, fundi mitambo mwembamba kutoka Samar, anatetemeka mpaka masikio. Santing alimjazia gazeti mwenyewe, akamkunjia kola, akamsukuma kwenye ngazi. Saa zikapita. Mchana simu ikaita.

"Kaka, nisamehe! Nimepata! Yaani hapa hapa nimetiwa kwenye gari, niko uwanja wa ndege, meli iko Singapore..."

"Hongera, mdogo wangu! Viatu vyangu je?"

"Ninavyo miguuni, Kaka."

Santing hata kutukana hakuwahi, simu ikakatika. Na dunia ilivyo na visa, nusu saa baadaye ikaita tena. Ilikuwa ofisi ile ile iliyomchukua Bembol. Kesho asubuhi aje kusailiwa, kazi ya mpishi.

Usiku huo hakulala. Na asubuhi alizunguka ukingo mzima akiomba viatu, na kila mtu alikuwa tayari kumpa, tatizo miguu. Aliyekaribia kidogo ni mlinzi wa benki. Santing alijishindilia humo ndani huku muuza mayai akisukuma kisigino na kumwomba Bikira Maria. Akapanda ngazi akitembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, machozi yakimlengalenga.

Ndani aliketi Bibi Encarnado, mama wa makamo mwenye miwani, msimamizi wa kuajiri mabaharia.

"Unalia nini, Bwana Dumagpi? Hata sijakuuliza swali."

"Viatu, Bibi. Si vyangu. Vyangu viko Singapore."

"Vua, vua, usije ukanifia hapa."

Akavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikatokeza kumwamkia Bibi Encarnado. Santing alitamani ardhi ipasuke. Akaona koleo hilo linakuja.

Yule mama alikitazama kidole, akacheka mpaka akavua miwani.

"Kumbe ndiye wewe! Viatu vyeusi, kifungo cha shaba kushoto? Hivyo viatu nimevisaili mwaka mzima, bwana wee! Nilifikiri ndiyo fasheni ya mabaharia hodari. Jana huyo Bembol nimemwambia kazi umepata, ndege inaondoka, amekataa kuinuka kwenye kiti. Anasema viatu si vyake, vya mpishi aliye chini peku, na mpishi huyo anatafuta meli. Nikamwambia nenda, utakosa ndege, mwenyewe nitampigia."

Santing akakificha kidole nyuma ya mguu wa kushoto.

"Mpishi wa meli hiyo ya Bembol amevunjika mkono, anashuka. Lakini niambie ukweli, maana katika hao wote waliokuja na viatu vyako hakuna aliyewahi kuonja chakula chako. Unajua kupika?"

"Niulize, Bibi."

"Mabaharia ishirini wanadai sinigang, ule mchuzi wetu mchachu, na ukwaju umekwisha."

"Nachachusha kwa mapera. Mapera yakiisha, ndimu. Ndimu zikiisha nawapikia adobo, nyama ya siki, na naapa mbele yao kwamba walidai adobo."

Bibi Encarnado akamsogezea mkataba, pamoja na karatasi ya kupimwa afya upya kwa gharama ya ofisi.

Jioni Santing alipiga simu Capiz mwenyewe.

"Mama, nimepata meli. Naondoka Jumapili."

Akasikia nguruwe wakikoroma huko nyuma.

"Meli ya kweli?"

"Ya kweli, Mama. Ile ya Bembol."

"Yule uliyenieleza jana, aliyekuibia viatu?"

"Huyo huyo."

Mama akakohoa, kikohozi chake cha kutaka kuomba kitu.

"Sikia, mwanangu," akasema, na neno hilo hakuwahi kulitumia tangu siku ya harusi. "Mtoto wa dada yangu, Isko, naye anatafuta meli. Hao watu wako wa barabarani, si wangemwangalia? Na hivyo viatu... ni namba ngapi?"

Santing alikaa kitako kwenye ukingo wa barabara, akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuza mayai akageuka kumtazama.

"Namba kumi na moja, Mama. Mpishi ninayeshika nafasi yake atarudi navyo Manila. Mwambie Isko aje na gazeti."