Boksi la Namba Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Jumatatu, patron, yaani bosi wetu, aliniketisha mbele ya picha ishirini, akanipa penseli na kuniambia nizipe namba. Patron alikuwa Mbelgiji mnene, mpole asubuhi na mkali karibu na saa ya chakula. Maabara yake ilikuwa katikati ya mji, ambao wakati ule bado uliitwa Elisabethville. Watu walituletea filamu walizopiga wenyewe, harusi na ubatizo na Jumapili za nyumbani, nasi tukazisafisha na kuzichapa kwenye karatasi. Kila picha ilipewa namba kabla ya kuchapwa. Namba moja ilikuwa picha safi, mbili ya wastani, tatu mbovu: imetikisika, ina giza, au uso hausomeki. Kwa Kifaransa niliitwa trieur, yaani mchambuzi. Nilikuwa na miaka ishirini, mtoto wa fundi wa reli, na nilijiona nina macho makali kuliko jimbo zima la Katanga.

Mkuu wa maabara alikuwa Baba Anaclet, mtu wa jimbo la Kasai, mrefu, aliyewahi kufundisha shule ya misheni. Alhamisi ya wiki ileile aliniletea picha ishirini nyingine. Nilizipa namba harakaharaka, nikamrudishia nikisubiri sifa. Akafungua daftari lake.

"Fidèle, hizi ni zilezile za lundi, siku yako ya kwanza. Nilifuta namba zako tu."

Saba zilikuwa zimepata namba tofauti. Mojawapo ilitoka namba moja ikaenda tatu. Nilianza kubisha, nikasema labda amezichanganya.

"Foto haikugeuka. We njo uligeuka," alisema, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Jicho haiko mizani, papa. Inasikia njala."

Akanifundisha. Ukitoka kuona picha nzuri sana, inayofuata unaionea. Jicho la asubuhi husamehe, jicho la saa sita huadhibu. Patron alisikia maneno hayo, akacheka, akataka naye apimwe. Baada ya siku tatu aliipa namba tatu picha ya mke wake mwenyewe ambayo Jumatatu aliipa moja. Alitusihi jambo hilo lisifike nyumbani kwake. Tangu hapo ikawa sheria: negatifu ya namba tatu, yaani kipande cha filamu chenye picha hiyo, haitupwi siku hiyohiyo. Inakatwa kutoka kwenye filamu, inalala siku tatu katika boksi la bati, kisha inatazamwa na jicho la pili.

Halafu Katanga ikajitenga na nchi. Njia zilikatika, karatasi za picha zikawa adimu. Hayo yangevumilika. Lakini watu wa Kasai, walioitwa wageni, walianza kuwindwa mitaani, majirani zao wakageuka. Sitaki kulipamba neno hili: tuliokula nao sahani moja tuliwafukuza, na mimi nilinyamaza. Baba Anaclet alikimbilia na mke wake na watoto kwenye kambi ya wakimbizi nje ya mji, iliyolindwa na askari wa kigeni wenye kofia za buluu. Kabla ya kuondoka alinipa ufunguo wa boksi.

"Usitupe tatu hata moja pashipo jicho ya pili."

Patron alikuwa na maneno mengine. "Fidèle, karatasi hakuna. Moja na mbili, chapa. Tatu, poubelle, pipani."

Nikaitikia, ndiyo patron, na boksi nikalificha chini ya sinki. Sikulimwaga, kwa kuwa jicho la pili halikuwapo tena.

Wiki chache baadaye akaja Mama Véronique, aliyekaa mtaa wa Kampemba. Mwanawe Pascal alikufa Kambove, aliangukiwa na udongo akichimba. Katika vitu vyake walikuta filamu moja, nasi tulikuwa tumeichapa. Mama alizipanga picha kumi na moja mezani kwangu.

"Mutoto yangu, hizi zote ni za barafiki yake. Ye mwenyewe iko wapi?"

"Zilizo nzuri ndizo hizo, mama."

"Siulizi muzuri. Naulizia Pascal." Akazikusanya polepole. "Samedi, Jumamosi hii, tunaondoa kilio, matanga inaisha. Bandugu banakuya toka kaskazini, na hatuna hata foto moja yake ya kutia ku meza."

Alipotoka nilifungua boksi. Negatifu ya kumi na mbili ya filamu ile ilikuwamo ndani ya bahasha, na namba tatu juu yake ilikuwa ya mkono wangu. Kijana anakatiza mbele ya mtambo, mkono mmoja juu, uso umevutika kama rangi iliyopanguswa kwa kitambaa. Niliitazama: tatu. Kesho yake nikala kwanza, nikaitazama tena: tatu. Kwa mara ya kwanza jicho langu lilikubaliana na lenyewe, na niliona aibu.

Nilipanda baiskeli hadi kambini. Baba Anaclet alikuwa amekonda, ameketi mbele ya kibanda cha magunia. Sikumwambia kitu, nilimpa negatifu tu. Akaiinua kuelekea angani.

"Tatu. Muntu alitembea." Akafumba macho, akatazama upya. "Tatu. Ni ya nani?"

Nikamweleza. Alinirudishia negatifu.

"Fidèle, tuliulizana sisi wawili. Mwenye foto hatukumuuliza hata siku moja. Uichape, mama atie namba yake. Kisha ukuye uniambie."

Nilikuwa nachapa wakati patron alipoingia.

"Fidèle! Hii tatu!"

"Ndiyo, patron. Inaenda kwenye kilio."

Alivua miwani, akaifuta. Kisha akaenda mwenyewe kuleta karatasi kubwa zaidi, akaniambia nianze upya.

Ijumaa Mama Véronique alikuja. Alipoishika ile picha nilianza kumwomba radhi kwamba uso hauonekani sawasawa. Hakunisikia. Alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka.

"Njo ye. Haikalaka chini. Hata ku misa hatulii."

Nilifikiria ile methali, apendaye chongo huita kengeza. Nilikosea. Mama hakuwa anaficha kasoro, alikuwa amemtambua mtoto wake katika kile nilichokiita kasoro. Nikamwuliza angeipa namba gani.

"Moja," alisema, akaifunga katika kitambaa chake.

Baadaye nikawa mkuu wa maabara, na kila kijana aliyeingia nilimpa jaribio la Jumatatu na Alhamisi. Niliongeza neno moja tu: kabla ya kutupa tatu, muulize mteja nani yumo ndani. Walinung'unika kwamba nawachelewesha. Ni kweli niliwachelewesha. Sasa nimestaafu, na wajukuu zangu hufuta picha kwa kidole kimoja, hii mbaya, hii mbaya. Nawaambia wangoje siku tatu, wananicheka.

Jumatatu baada ya kilio cha Pascal nilipanda baiskeli tena kwenda kambini. Penye kibanda cha magunia palikuwa na mahali patupu na majivu ya jiko. Baba Anaclet na familia yake walikuwa wamepakiwa kwenye treni ya kurudi Kasai siku mbili kabla. Niliandika barua kupitia misheni, nikaandika nyingine, sikupata jibu. Ufunguo wa boksi bado ninao. Baba Anaclet, mama alisema moja.