Bendera ya Mji Juu ya Keki

Mwaka mama alipoapa uraia, aliniagiza nimwokee keki yenye bendera. Si ya taifa. Ya mji wetu wa Minneapolis, ile ambayo hata waliozaliwa hapa hawaijui.

"Inchi ilinipa karatasi," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Muji njo ulinipa mulango."

Basi nikaichora kwa sukari kutwa nzima, theluji ikishuka taratibu nje ya dirisha letu la mtaa wa Cedar, mpaka nikahisi ghorofa ndiyo inayopaa. Pembetatu ya buluu juu ya weupe, na ndani yake duara lenye vyumba vinne: jengo la elimu, gurudumu la meno la viwanda, hadubini ya wataalamu, na usukani wa meli kwa ajili ya maziwa na mito. Usukani niliufuta nikauchora upya mara tatu. Baba, aliyefariki kambini nikiwa bado nanyonya, ndiye aliyetuvusha Ziwa Tanganyika tukikimbia vita. Ndivyo kanisa zima lilivyosimulia, nami nikaishika hadithi hiyo kama Sala ya Baba Yetu. Kipande kile nilikitaka mimi. Nilikitaka mpaka roho ikaniuma.

Kwetu mwenye sherehe huwalisha watu keki kwa mkono wake, mmoja mmoja, na yeye mwenyewe hali mpaka alishwe. Siku ya sherehe, jengo mama alimlisha mwalimu wake wa Kiingereza. Gurudumu akampa mwenzake wa kiwandani. Hadubini ikaenda kwa nesi aliyemtibu kifua. Midomo yote ikawa ya buluu, watu wazima wakacheka kitoto, na mwanga wa alasiri ukalegea ukutani kama mtu anayesinzia.

Usukani ukabaki. Nikasogea mdomo wazi, bila hata haya.

Mama alinitazama kwa upole, kisha akakitia kipande kinywani mwake mwenyewe.

Shangazi yangu, dada wa baba, akashtuka. "Eh, wifi! Na marehemu je?"

Mama alitafuna bila haraka, akameza.

"Kaka yako alikuwa amelala mu mtumbwi, homa imemukamata, hakujua hata tuko wapi. Huyu mutoto nilikuwa naye mugongoni. Usukani nilishika mie."

Mimi nilikuwa nimesahau kufunga mdomo.

"Mbona hukusema miaka yote hii?" shangazi akauliza.

"Mulikuwa munamusifu vizuri sana," mama akasema. "Niliona haya kuwakatiza."