Babu wa Katibu

Katibu wa kikundi cha historia ya mtaa, hapa Garissa, hufungua kila kikao kwa kukohoa mara mbili na kubonyeza kalamu, tik, tik, mpaka wazee wanyamaze. Shungi lake huteleza upande wa kushoto, naye hulirudisha kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayefunga dirisha la chumba cha mgonjwa. Ndiye aliyewakusanya majirani na kuwaambia, kwa sauti yake ya chuoni, kwamba kumbukumbu zao zinakufa huku wao wakinywa chai. Ndiye pia aliyeagiza kila mwanachama ataje nasaba yake mbele ya wenzake, baba kwa baba.

Zamu yake ilipofika, alimtaja baba, akamtaja babu, akamtaja baba wa babu, kisha jina la nne hakulijua. Watu wakamtazama. Mwanzilishi wa kikundi akwame hapo? "Shirwa," akasema. Lilikuwa jina la muuza maziwa wake.

"Shirwa!" akadakia mzee mmoja, Adeer Abdihafid. "Huyo mimi najua habari yake, wallahi. Mtu mrefu, mguu moja anachechemea."

"Si ngamia alimkanyaga?" akasema bibi mmoja, Eddo Sirad, akimgeukia katibu. "Nyinyi watoto wa shule hamjui kitu."

Hoja ikapita bila kupingwa: kaburi la Shirwa litafutwe, lijengewe ua. Katibu alinyoosha mkono pamoja nao, na akajikuta akimwonea marehemu huruma kwa ule mguu.